Shimo Lilitangulia, Nyumba Zikafuata: Habari za Senghenydd

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, dada, watu wetu wengi hapa Cardiff wameshindwa na kodi za mjini, wanahamia mabondeni, nawe umekaa huko miaka 11, njoo uwaambie kukoje. Nimekuja. Nitawaambia kukoje. Ila nitawaambia pia jambo ambalo wakala wa nyumba hakuambii wala halimo kwenye tangazo: kwa nini zile nyumba zipo pale zilipo, na kwa nini bei yake ni ile.

Mimi nakaa Senghenydd, kijiji cha zamani cha makaa ya mawe katika bonde la Aber, kaskazini mwa Cardiff. Tuanze na jina, maana nimesikia wengi mnalikwepa. Sisi Waswahili ndio tusiwe na shida nalo kabisa. Ng ile ni ng' ya ng'ombe, na zile d mbili za mwishoni ni dh ya dhahabu. Seng'henidh. Wenzetu wengi waliotoka nchi nyingine hawana sauti hizo mbili kinywani, sisi tunazo tangu utotoni. Kijiji cha jirani, Abertridwr, maana yake ni mahali maji matatu yanapokutana. Ukipanda basi kutoka mji wa Caerphilly unakipita hicho kwanza, kisha Senghenydd, halafu barabara kubwa imekwisha. Mbele yako ni mlima, na vijinjia vyembamba vya kondoo na vya watu wenye haraka.

Senghenydd ni jina kongwe kuliko kijiji chenyewe. Zamani lilikuwa jina la eneo zima la milimani, chini ya wakuu wa Kiwelshi. Mmoja wao alikuwa Ifor Bach, yaani Ifor Mdogo, kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo. Mtawala wa Cardiff, wa Wanormani wale wavamizi waliotoka Ufaransa, alimnyang'anya sehemu ya ardhi yake. Mwaka 1158 Ifor akashuka usiku, akapanda kuta za ngome ya Cardiff, ileile mnayopita mkienda sokoni, akamteka mtawala pamoja na mkewe na mtoto wao, akarudi nao msituni. Hakuwaachia mpaka ardhi yake iliporudishwa. Shule ya msingi ya Kiwelshi katika bonde letu inaitwa kwa jina lake, Ysgol Ifor Bach. Naanza na habari hii kwa sababu watu wa kule wenyewe huanza nayo. Kabla hawajakwambia habari za makaa watakwambia habari za Ifor.

Baada ya hapo, kwa mamia ya miaka, palikuwa mashamba na kondoo tu. Parokia ilikuwa Eglwysilan, kanisa lake liko juu mlimani. Chini bondeni hapakuwa na kijiji.

Mwaka 1891 kampuni moja ilianza kuchimba mashimo mawili pale juu mwa bonde. Mgodi ukaitwa Universal. Shimo moja wakaliita Lancaster, la pili York, na kila moja lilishuka karibu mita 600 ardhini. Miaka mitano walikuwa wakichimba tu kabla ya kupata cha kuuza. Makaa ya kwanza yalitoka 1896. Reli ilikuwa imeshafika kutoka Caerphilly, tangu 1894. Basi muone mpangilio wenyewe: kwanza shimo, kisha reli ya kubebea kitakachotoka shimoni, na nyumba ndizo zilizofuata. Kwetu tumezoea watu wakae kwanza, kisima kichimbwe, soko lije, ndipo barabara ifike. Senghenydd ilikwenda kinyume. Kila nyumba ya mstari mnayoiona pale, imeshikana na mwenzake ukuta kwa ukuta, ilijengwa ili mtu alale karibu na shimo.

Kwa nini pale? Kwa sababu makaa ya bonde lile yalikuwa ya kuendeshea mitambo ya mvuke, yenye moto mkali na moshi mdogo. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliyapenda makaa ya Wales kuliko mengine yote, kwa kuwa manowari isiyotoa moshi mwingi haionekani mapema na adui. Yalipakiwa hapa Cardiff, na Barry, na Penarth, yakapelekwa kwenye vituo vya makaa duniani kote, mpaka Port Said, mpaka Aden. Ndugu zangu mliotoka Unguja, mwaka uleule wa 1896 Universal ilipotoa makaa yake ya kwanza, tarehe 27 Agosti, manowari za Uingereza zililipiga kasri la Zanzibar, vita vikamalizika kabla saa moja haijatimia. Sisemi kwamba makaa ya kijiji changu ndiyo yaliyokuwa ndani ya zile manowari. Nasema kwamba nguvu iliyofika kwetu baharini ilikuwa na tumbo, na tumbo hilo lililishwa kutoka mabonde haya. Nilipolijua hilo, nilipokuwa nikipita pale mgodi ulipokuwa nilianza kwenda polepole.

Watu wakaja. Wakaja kutoka mashamba ya magharibi mwa Wales, kutoka kaskazini kwenye machimbo ya mawe, na kutoka Uingereza. Wote wageni, kama sisi. Wakajenga makanisa yao, kila dhehebu na lake, na maduka, na vilabu. Mwanamume alirudi jioni mweusi tangu utosini, hakuna bafu mgodini, naye alioga kwenye karai la bati mbele ya moto jikoni. Maji hayo nani aliyachemsha? Mke wake, au mama yake, na kama nyumba ina baba na vijana wawili wa zamu tofauti, basi huyo mama alichemsha maji mchana kutwa na usiku. Vitabu huhesabu tani. Sijaona kilichohesabu ndoo.

Tarehe 24 Mei 1901, kama saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ikiwa inamalizika, mgodi ulilipuka. Waliokuwa bado chini walikuwa 82. Alitoka hai mmoja tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba vumbi la makaa ndilo lililobeba moto mgodini, nalo halikuwa likimwagiwa maji ya kutosha. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, vumbi, kwa kuwa mgodi haukulisahau.

Miaka 12 ikapita. Sheria mpya ya migodi ya 1911 iliamuru, pamoja na mambo mengine, kwamba feni za kuingiza hewa ziweze kugeuzwa upesi, upepo urudi nyuma, ili moshi na gesi visisukumwe kwa watu walioko ndani. Migodi ilipewa mpaka Januari 1913. Universal iliongezewa muda mpaka Septemba 1913. Septemba ikapita, kazi haijakwisha.

Tarehe 14 Oktoba 1913, siku ya Jumanne, baada tu ya saa mbili asubuhi. Chini walikuwapo wanaume na vijana kama 950. Gesi ya methani ikashika moto, mlipuko ukalitimua vumbi la makaa, na vumbi lile likawaka likaenda mbele likitimua vumbi jingine, likawaka tena. Ndivyo moto wa vumbi unavyotembea, unajitengenezea njia kadiri unavyokwenda. Cheche ilitoka wapi, wachunguzi hawakuweza kuthibitisha. Dhana moja kubwa ilizitaja kengele za umeme za kupeana ishara. Upande wa mashariki wa mgodi watu walitolewa. Upande wa magharibi ulikuwa umejaa moto na gesi ya sumu. Usiku ule waokoaji waliwakuta watu 18 wangali hai, wakawatoa, na watu juu wakaamini kwamba wengine watafuata. Hawakufuata.

Walikufa 439, na mwokoaji mmoja, 440. Hakuna ajali ya mgodi iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Uingereza yote. Waliokufa wakiwa chini ya miaka 20 walikuwa 60, na kati yao wanane walikuwa na miaka 14. Kina mama 205 walibaki wajane. Watoto 542 walifiwa na baba. Kuna mwanamke ambaye siku hiyo moja alimpoteza mume, na wana wawili, na kaka yake, na mpangaji wake. Mimi nikipita mtaani kwetu jioni nikaona taa zinawaka dirisha kwa dirisha, huwa nawaza ni nyumba ngapi kati ya hizi ambazo wiki ile zilifungwa mapazia kwa msiba. Nyumba ni zilezile. Hawakuzibomoa. Jikoni ninapopikia wali wangu mimi, kuna mtu alikaa akisubiri hatua mlangoni.

Kesi ikafunguliwa. Meneja alishitakiwa makosa 17, kampuni makosa manne. Meneja akatozwa faini ya jumla ya pauni 24. Kampuni ilianza kwa kuachiwa, baadaye baada ya rufaa ikatozwa pauni 10. Gawanyeni zile pauni 24 kwa watu 440. Watu wa wakati ule waligawanya, magazeti yakaandika: shilingi moja na peni moja na kidogo kwa kila roho. Mwenye kampuni, William Thomas Lewis, alikuwa ameshapewa cheo cha ubwana miaka miwili kabla, 1911, na katika cheo chake alichagua kujiita Bwana Merthyr wa Senghenydd.

Wakarudi kufanya kazi. Hili watu huniuliza, waliwezaje kurudi shimoni lilelile? Wangekwenda wapi? Kijiji kizima kilikuwa na mwajiri mmoja. Mwenye duka, mhubiri, mwalimu, fundi viatu, wote walikula kutoka shimo lile.

Halafu shimo likafungwa. Mwaka 1928 Universal ilisimamishwa, miaka 32 tu tangu makaa ya kwanza. Fikirini hilo. Mtoto aliyezaliwa kijiji kikianza alikuwa hajafikisha miaka 40, na ile sababu ya kijiji kuwapo ilikuwa imeshaondoka. Hali ilikuwa mbaya nchi nzima. Kati ya vita kuu mbili karibu watu 400,000 waliondoka Wales, wakaenda Slough, Oxford, Coventry, kwenye viwanda vya magari na vinginevyo. Na Senghenydd wengi waliondoka.

Lakini wapo waliobaki, na kwangu mimi hapa ndipo historia ya kijiji ninachokaa inapoanza hasa. Wapo waliotembea kushuka bonde kwenda mgodi wa Windsor kule Abertridwr, uliokuwa ukiendelea. Kuanzia miaka ya 1930 eneo la viwanda lilifunguliwa Treforest, ng'ambo ya mlima, wapo waliokwenda huko. Yaani watu wa Senghenydd walianza kutoka asubuhi kwenda kutafuta kazi nje ya kijiji chao karibu miaka 100 iliyopita. Watu husema vijiji hivi vimekuwa vya kulala tu, kana kwamba ni jambo la juzi lililoletwa na sisi tunaofanya kazi Cardiff. Si la juzi. Kijiji kilinyimwa kazi mwaka 1928, na tangu hapo kinakwenda kuifuata.

Migodi ilitaifishwa 1947. Majengo ya Universal yalibomolewa 1963. Windsor uliunganishwa chini kwa chini na mgodi wa Nantgarw miaka ya 1970, na baada ya ule mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, uliodumu karibu mwaka mzima, ukafungwa 1986. Hapo makaa yakaisha katika bonde la Aber.

Jambo linaloniuma zaidi ni reli. Mwaka 1964 treni ya abiria kwenda Senghenydd iliondolewa, wakati ule walipokata njia nyingi za reli nchini kwa kusema hazileti faida. Reli iliwekwa pale kwa ajili ya makaa. Ilipofika zamu ya watu kuihitaji kuliko makaa, ikang'olewa. Leo hii inahitajika kila asubuhi! Kijiji kiko kama kilomita 20 tu kutoka hapa tulipokaa. Treni ya Caerphilly inapita kwenye handaki chini ya mlima, inaingia Cardiff kwa muda wa kama dakika 20. Reli zetu za mabondeni zimetiwa umeme, treni mpya zimekuja, vyote hivyo nimevishangilia. Lakini anayekaa Senghenydd anaanza kwa basi au gari mpaka Caerphilly au kituo cha Aber.

Niwaambie asubuhi yangu, maana ndiyo mtakayoishi. Mimi ni mhudumu wa wagonjwa, zamu yangu ikiwa ya mapema natoka giza halijapasuka. Kituoni tunakuwa watu sita, saba, tunajuana kwa makoti. Kuna kijana wa maghala, kuna dada wa benki, kuna mzee mmoja mfanya usafi ambaye baba yake alikuwa Windsor. Basi likikosa kuja, na hukosa, hakuna njia nyingine, bonde lina mlango mmoja. Nimewahi kufika kazini nimechelewa mara tatu kwa wiki moja, nikaandikiwa barua. Kwa hiyo ukipanga nyumba kule, usihesabu kodi peke yake. Hesabu na nauli, hesabu na saa mbili za maisha yako kila siku, na uamue ukiwa umekaa chini umetulia.

Na kama unanunua, msinione mkali, nawaambieni kama dada. Katika nchi hii ipo ripoti ya migodi, mwanasheria wako anaiombea nyumba kabla hujatia saini. Inaonyesha kama chini au karibu kuna machimbo ya zamani, na mashimo, na kama pamewahi kutokea madai ya ardhi kuzama. Usikubali irukwe ili kuokoa pesa. Uliza pia juu ya malundo ya taka za migodi yaliyoachwa milimani. Wales ina zaidi ya 2,500. Wengine mnayaona yameota nyasi mnadhani ni vilima. Mwaka 1966, tarehe 21 Oktoba, lundo la namna hiyo lilishuka kijiji cha Aberfan, bonde jingine, likafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mengi ya malundo hayo ni salama na hukaguliwa. Kuuliza ni haki yako.

Sasa nyumba ni rahisi kwa sababu gani? Mmeshaijua. Ni kwa sababu aliyezijenga alizijengea kazi, kazi ikaondoka, na watu wakabaki na kuta. Vizazi vinne vimezitunza hizo kuta kwa mishahara ya mbali. Wameezeka upya, wameweka mabafu ndani, wamelinda ukumbi wao, wana timu yao ya ragbi, wana kimakumbusho kidogo wanachokiendesha kwa kujitolea. Mimi nilipofika, mwanamke wa nyumba ya pili alinigongea siku ya pili, ameshika keki iliyofunikwa kitambaa. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza nafanya kazi zamu gani, ili ajue saa za kutopiga kelele. Ulikuwa ni ujirani wa watu wa mgodi ule, unaojua kwamba ukutani upande wa pili kuna mtu amelala mchana.

Ndiyo maana nataka mkija mje mkijua. Mtu akikusimulia kuhusu mlipuko kwenye foleni ya basi, usitazame simu. Watoto wakifundishwa Kiwelshi shuleni, waacheni wakishike, nanyi mtashangaa watakavyoisema ile dh.

Mwaka 2013, tarehe 14 Oktoba, miaka 100 kamili, ukumbusho wa kitaifa wa wachimba makaa wa Wales ulizinduliwa pale mgodi ulipokuwa. Kuna sanamu ya shaba, mwokoaji amemshika mchimbaji anayeyumba. Kuizunguka kuna ukuta wa vigae, na juu ya vigae hivyo yapo majina ya wale 81 wa 1901 na wale 440 wa 1913. Watu 521. Kaburi la wengi wao liko Penyrheol, basi langu linapita hapo kila siku, na wengine wako juu Eglwysilan, kwenye lile kanisa lililokuwapo kabla ya kijiji.

Oktoba ijayo, tarehe 14, nimeomba ruhusa kazini. Watakaotaka kufuatana nami tukutane kituo cha treni cha Queen Street saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tupande ya Caerphilly, tuchukue basi, tuteremke mwisho wa njia. Tutafika kabla ya saa mbili. Vaeni viatu vya kufunga na makoti mazito, hapo ukumbusho ulipo upepo unashuka moja kwa moja kutoka mlimani. Chai tutakunywa kwangu.